Samaki naye anapumua: tulinde hewa ya mabwawa yetu



 Juma hili tunazungumza juu ya bwawa la samaki, na hasa juu ya kitu kimoja kilichomo ndani ya bwawa ambacho jicho haliwezi kukiona: hewa.

Mama akifika bwawani asubuhi na kukuta samaki wake wanaelea tumbo juu, neno la kwanza linalosikika kijijini ni sumu. Halafu jina la mtu linatajwa. Jirani anaangaliwa vibaya, mke mwenza anaulizwa usiku alikuwa wapi, na watu waliokula sahani moja wanaanza kupitana njiani bila salamu. Samaki wamepotea, na ujirani nao umepotea.

Sumu ipo, hatukatai. Wote tunaujua utupa na kazi yake mtoni. Lakini samaki wengi wa bwawani wanaokufa alfajiri hawakuuawa na mtu. Walikosa pumzi. Kwa hiyo kabla ya kutaja jina la mtu, na kabla ya kikundi kufungua sanduku la akiba kununua pompi, tujue kwanza hewa inaingiaje ndani ya maji, nani anaitumia, na saa gani inakwisha.

Hewa inatoka wapi

Samaki anapumua kama sisi, ila yeye anavuta oksijeni iliyoyeyuka ndani ya maji kwa matamvua yake. Oksijeni hiyo inaingia kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni uso wa maji: upepo ukipita, mvua ikipiga, maji yakianguka na kurukaruka, hewa inachanganyika na maji. Njia ya pili ni ule ukijani tunaouona bwawani. Ukijani huo ni mimea midogo sana, maelfu kwa maelfu, na kila jua likiwaka inatengeneza oksijeni kama majani ya shamba yanavyofanya. Tilapia anaula pia, ndiyo maana tunaweka mbolea ili maji yawe ya kijani.

Basi ukijani ni rafiki wa bwawa. Lakini ni rafiki wa mchana. Jua likizama, mimea ile inaacha kutengeneza oksijeni, nayo inaanza kuivuta kama samaki. Mbolea inayooza inavuta. Tope la chini linavuta. Usiku kucha wote wanatumia na hakuna anayeleta. Hivyo akiba ya hewa inapungua saa kwa saa, na saa mbaya kuliko zote ni kama saa kumi na moja asubuhi, kabla ya jua kutoka.

Hali hii haipo kwenye bwawa letu tu. Ziwa Tanganyika, linalotuletea ndagala, lina kina cha mita 1,470 hivi, lakini samaki wanaishi katika tabaka la juu tu. Chini ya mita 100 hadi 200 oksijeni imekwisha. Na mwezi wa 11 mwaka 2022, upande wa Kisumu nchini Kenya, samaki wengi walikufa ndani ya vizimba vilivyowekwa katika Ziwa Victoria. Wataalamu walieleza kwamba maji ya chini yasiyo na oksijeni ya kutosha yalipanda juu. Wale walikuwa wafugaji wakubwa wenye chakula cha kiwandani. Kukosa hewa hakuchagui mwenye mali na asiye nayo.

Hesabu ya usiku mmoja

Tuchukue bwawa la ari moja, mita 10 kwa mita 10, lenye kina cha sentimita 80 kwa wastani. Ndani yake mna lita 80,000 za maji. Maji yenye joto la digrii 25 yakishiba hewa yanabeba gramu 8 hivi za oksijeni katika kila lita 1,000. Kwa hiyo bwawa zima lina gramu 640. Hata kilo moja haifiki.

Sasa tuhesabu walaji. Samaki 200 wa gramu 100 kila mmoja ni kilo 20. Kilo moja ya tilapia aliyetulia inatumia karibu robo ya gramu kwa saa. Kilo 20 zinatumia gramu 5 kwa saa, yaani gramu 60 kwa usiku wa saa 12. Ukitoa 60 katika 640, samaki wangelala vizuri na kuamka vizuri.

Basi nani anamaliza hewa? Ni ukijani uliozidi, mbolea iliyozidi na chakula kilichobaki kikaoza chini. Hao wanaweza kuvuta mara nyingi kuliko samaki wenyewe. Mama anayeongeza kikapu cha samadi kwa sababu anataka samaki wanenepe haraka, anaweza kuwa anaongeza walaji wa usiku bila kujua. Na anayemwaga pumba za mpunga hadi zinaelea siku nzima, analisha tope, halishi samaki.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ya hewa ni kiasi. Tumwage pumba kidogo kidogo mahali pale pale kila siku. Samaki wakiacha kuja, tusimame. Mbolea ikae ndani ya zizi la vijiti kwenye kona, isizidi sehemu moja katika kumi ya bwawa, isitawanywe kote. Vifaranga visizidi wawili kwa kila mita ya mraba, maana tilapia atazaa mwenyewe na kuongeza idadi tusipovua.

Pima kwa mkono

Hatuna haja ya chombo cha maabara. Saa sita mchana, jua likiwa juu, ingiza mkono wako wima ndani ya maji bila kuvuruga tope, ukiangalia vidole. Vidole vikipotea machoni maji yanapofika kwenye kiwiko, ukijani unatosha. Vikipotea maji yakiwa bado chini ya nusu ya mkono, kati ya kifundo na kiwiko, ukijani umezidi: acha mbolea, punguza chakula, ongeza maji mapya. Ukiona vidole vizuri hata maji yamepita kiwiko, bwawa lina njaa, ongeza mbolea kidogo.

Angalia rangi pia. Maji mekundu au ya kahawia kwa sababu ya udongo si maji ya kijani. Mahali ambapo wachimbaji wa dhahabu wanaosha mchanga juu ya kijito, udongo unaziba jua, na ukijani hauwezi kufanya kazi. Maji ya namna hiyo yapitishwe kwanza kwenye kishimo cha kutulizia udongo kabla ya kuingia bwawani.

Maji yaanguke, yasiteleze

Dawa ya pili ni mahali maji yanapoingilia. Mabwawa mengi yana mfereji unaofika sawa na uso wa maji, na maji yanaingia kimyakimya kama mtu asiyetaka kuonekana. Maji hayo yanaleta hewa kidogo. Tukiweka mwanzi au bomba juu ya uso wa bwawa, urefu wa mkono mmoja au zaidi, maji yataanguka, yatapasuka na kubeba hewa. Chini ya maporomoko hayo tuweke mawe makubwa, au ngazi mbili tatu za mawe, maji yaruke kutoka jiwe hadi jiwe. Mwanzi ukitobolewa matundu madogo mwishoni, maji yatashuka kama mvua. Kazi hiyo inataka panga, mawe na mchana mmoja.

Wenye bwawa linalopata maji ya chemchemi wasikilize vizuri zaidi. Maji yanayotoka ardhini ni masafi machoni, lakini mara nyingi yana oksijeni kidogo, kwa sababu hayajaonana na upepo. Hayo yanahitaji kuanguka kuliko maji ya kijito.

Mahali pa kutokea maji nako kuna siri. Maji mabaya, yasiyo na hewa, yako chini. Tukiruhusu maji ya juu yatoke, tunamwaga mazuri na kubaki na mabaya. Bomba la kutolea maji liwe na mdomo wake ndani karibu na chini ya bwawa, umefungwa kwa wavu wa matundu madogo ili vifaranga visipite.

Tusiache mfereji wazi mchana kutwa, siku zote. Maji yakipita bila kusimama yanaondoa ukijani, na pamoja nao chakula cha samaki. Mchana tufungue kidogo tu, kiasi cha kurudisha maji yaliyopotea. Nguvu yote ya mfereji ni ya usiku wa hatari.

Usiku wa hatari unajulikana tangu jioni

Hapa tunawaomba wamama wasome mara mbili. Njia za kwetu hazina usalama kila siku, na hatutaki mama yeyote aende bwawani peke yake gizani kuangalia samaki. Hakuna samaki mwenye thamani hiyo. Heri ni kwamba dalili za usiku mbaya zinaonekana kabla ya jua kuzama:

- mawingu yamefunika jua siku nzima, hivyo ukijani haukutengeneza hewa;
- joto lilikuwa kali bila upepo, halafu mvua kubwa ya baridi ikanyesha na kupindua maji, ya chini yakaja juu;
- maji yalikuwa ya kijani kizito, na ghafla yamegeuka kahawia au meusi, maana yake ukijani umekufa na unaoza;
- samaki wamekataa chakula cha jioni;
- ni kiangazi, mwezi wa 6 hadi wa 8, kijito kimepungua na bwawa limeshuka.

Ukiona mojawapo ya hayo, usiwape chakula jioni hiyo, na ufungue mfereji kabla ya kurudi nyumbani. Ukae wazi usiku kucha. Chukua bidoni ya lita 20 na uiweke chini ya mwanzi: ikijaa kwa sekunde 20, unapata lita moja kila sekunde, yaani lita 3,600 kwa saa. Zikianguka vizuri, zinaleta gramu 28 hivi za oksijeni kila saa, wakati samaki wako wa kilo 20 wanahitaji gramu 5. Na hata kama ukijani unavuta sehemu kubwa, samaki watajikusanya chini ya maporomoko na kupona.

Kukicha na samaki wako juu

Ukifika kunapokucha na kuona samaki wamepanda juu, midomo wazi, wanameza hewa kama wanaokunywa uji, jaribu kupiga makofi au kutupa jiwe dogo. Wakizama na kurudi upesi, au wasiposhtuka kabisa, wako taabuni.

Usiingie bwawani. Miguu inaamsha tope jeusi, na tope hilo linamaliza hewa iliyobaki. Fungua mfereji wote. Toa mbolea iliyo kwenye zizi la kona. Ita watoto wakubwa na wamama wa karibu, leteni ndoo, mkachote maji ya kijito na kuyamwaga kutoka juu, mahali pamoja, karibu na mwingilio. Ndoo 100 za lita 15 zinaleta gramu 12 hivi. Si nyingi kwa bwawa zima, lakini kwenye kona moja walikokusanyika samaki zinawasukuma hadi jua litoke. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kazi ya ndoo ni ya kikundi. Kijito kikiwa mbali, choteni maji ya juu ya bwawa lenyewe na kuyamwaga kupitia ungo au kopo lililotobolewa.

Jua likipanda, ukijani utaanza kazi tena. Siku hiyo vua samaki wakubwa wakiwa wazima, uza au pika, ili wabaki wachache wanaogawana hewa. Usiwalishe siku mbili au tatu, wala usirudishe mbolea mpaka mkono wako ukubali.

Sumu au pumzi?

Tunarudi kwenye lile neno zito. Samaki waliokosa hewa hufa alfajiri, wakubwa kwanza, na vifaranga vingi hubaki. Kambale huwa mzima, kwa sababu ana kiungo cha kuvutia hewa ya juu. Sumu haingoji alfajiri. Inaua wakati wowote, wadogo na wakubwa, na kambale naye, na mara nyingi vyura na wadudu wa maji pamoja nao. Hiki si kipimo cha mahakama. Lakini kinatosha kumzuia mtu kusimama katikati ya kijiji na kutaja jina la mwenzake. Na kama sababu haijulikani, samaki waliokufa wasiliwe wala wasiuzwe. Wazikwe mbali na maji.

Na mashine?

Vikundi vingi vinajiuliza kama watoe akiba, au wakope, kununua mashine ya kuingiza hewa. Zipo za namna nyingi. Inayojulikana zaidi ni gurudumu lenye makasia linalopiga maji na kuyarusha. Wafugaji wa Misri, wa China na wa Vietnam wanalitumia sana. Kwa makadirio ya kawaida, nguvu ya farasi mmoja inasaidia kama kilo 500 za samaki. Bwawa letu la ari moja, likitunzwa vizuri kwa mbolea, linatoa kilo 20 hadi 30 kwa mwaka. Kununua mashine kwa bwawa hilo ni kama kununua lori kubeba debe moja la mpunga.

Tena mashine inakula kila siku. Esansi na mazuti vinafika kwetu kwa pikipiki, kwa bei ya pikipiki. Fundi yuko mbali. Sahani za jua zinasaidia mchana, lakini saa ya hatari ni usiku, kwa hiyo zinataka batiri, na batiri inataka fedha na ulinzi.

Kwa hiyo ushauri wetu kwa vikundi vyenye ari moja au mbili ni huu: bado. Fedha hiyo inunue bomba, wavu, vifaranga vizuri, au ilipe vijana wa kurefusha mfereji. Siku kikundi kitakapokuwa na mabwawa mengi, samaki wengi kuliko wawili kwa mita, chakula cha kununua na soko linalongoja, hapo mashine itajadiliwa kwa hesabu, siyo kwa tamaa.

Nchi yetu imekwisha kuona mabwawa mengi yakija na kupita. Zamani za Wabelgiji, kituo cha Kipopo karibu na Lubumbashi kilifundisha ufugaji wa tilapia, na kufikia mwisho wa miaka ya 1950 mabwawa ya Kongo yalizidi 100,000. Mengine yalichimbwa kwa amri, si kwa hiari, na baada ya uhuru wa 1960 mengi sana yaliachwa yakageuka matope na majani. Bwawa linadumu likiwa na mwenyewe anayelielewa.

Kazi ni ya nyumba nzima

Samaki mmoja kwenye bugali na sombe ni kinga ya mtoto dhidi ya kwashioko. Samaki wa kuuza ni daftari na karo. Basi mfereji usiachwe kwa mama peke yake. Baba na vijana wana mikono ya kuinua mawe na kupanga mwanzi. Kikundi kipange zamu ya kuangalia jioni, watu wawili wawili. Na bwawa lizungushiwe uzio wa miti, ili mtoto mdogo asifike majini bila mkubwa.

Tunaomba kila kikundi chenye bwawa kije mkutanoni na majibu mawili: bidoni ya lita 20 inajaa kwa sekunde ngapi, na mkono wa saa sita mchana unapotelea wapi. Tutayaandika yote ubaoni, kila bwawa na namba zake, na wenye maji mengi watawaeleza wenye maji machache walivyopanga mawe yao. Sanduku la akiba lingoje nyumbani, limefungwa.